Joto Lililojificha Kwenye Waya: Mwongozo kwa Nyumba na Mitumbwi ya Kigoma

Maji ya chai yakishachemka, zima swichi ya ukutani, chomoa plagi ya birika, kisha iguse kwa mgongo wa kiganja. Ikiwa baridi au vuguvugu kidogo, plagi hiyo ni nzima. Ikikuunguza hata huwezi kuacha mkono hapo, kuna kitu kinaungua polepole nyumbani kwako, na swichi kuu haina habari nacho.

Mwongozo huu ni wa mtu wa Ujiji, Gungu, Mwanga, Katonga au Kibirizi anayelipa LUKU yake, anayetumia pasi na birika, na pengine ana mtumbwi wa dagaa wenye betri na taa. Huhitaji kuwa fundi umeme ili kuufuata. Palipo na kazi ya fundi, nimesema wazi kwamba ni ya fundi.

Nauandika sasa kwa sababu matumizi yetu yamebadilika kuliko nyaya zetu. Kwa miaka mingi Kigoma ilikuwa nje ya gridi ya taifa, tukitegemea majenereta ya dizeli, na umeme ulikuwa wa taa, redio na televisheni. Nyumba nyingi zilifungwa umeme kwa hesabu hiyo. Sasa gridi imeingia mkoani, na Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia wa 2024 hadi 2034 unataka asilimia 80 ya Watanzania wawe wanapikia nishati safi ifikapo 2034. Ni lengo zuri, na mama anayechemsha maharage kwa jiko la presha la umeme badala ya mkaa anastahili kupongezwa. Lakini lile jiko linachomekwa kwenye soketi ileile iliyowekwa kwa ajili ya redio.

KWA NINI WAYA HUPATA JOTO

Ndani ya shaba kuna elektroni zilizo huru kusogea. Ukiwasha kifaa, zinasukumwa upande mmoja, na njiani zinagongana na atomi za shaba. Kila mgongano unazitikisa atomi zaidi, na mtikisiko huo ndio joto unalolihisi mkononi. Hakuna waya wa kawaida usiopata joto umeme unapopita. Swali ni kiasi gani, na mahali gani.

Kizuizi ambacho waya unauwekea mkondo kinaitwa ukinzani, nacho hupimwa kwa omu. Waya mrefu una ukinzani mkubwa kuliko mfupi, na mwembamba kuliko mnene. Aluminiamu inazuia takriban mara 1.6 zaidi ya shaba ya unene uleule. Nikromu, madini yaliyochanganywa kwa ajili ya koili za majiko na pasi, inazuia mara zaidi ya 60.

Aliyeipata hesabu ya jambo hili ni James Prescott Joule, mtoto wa mwenye kiwanda cha bia huko Salford, Uingereza. Mwaka 1840, akiwa hajatimiza miaka 22, alizamisha koili ya waya ndani ya chombo cha maji, akapitisha mkondo, na kusoma kipimajoto. Akaona kwamba joto linafuata kanuni hii:

Joto (wati) = mkondo × mkondo × ukinzani

Angalia kwamba mkondo umeandikwa mara mbili. Ukiongeza mkondo mara mbili, joto haliongezeki mara mbili, linaongezeka mara nne. Ukiongeza mara tatu, joto ni mara tisa. Chukua waya wa shaba wa milimita za mraba 1.5, ule wa taa, wenye urefu wa mita 10 kwenda na 10 kurudi. Ukinzani wake ni kama omu 0.24. Ukipitisha ampea 10, waya wote unatoa wati 24, zilizosambaa mita 20, wala hutahisi kitu. Ukipitisha ampea 20, zinakuwa wati 96 au 97. Zikiwa darini chini ya bati la Kigoma saa nane mchana, ambako tayari ni tanuri, hazina pa kukimbilia. Plastiki ya kawaida ya nyaya za nyumbani imetengenezwa ivumilie nyuzi 70 za Selsiasi. Ikizidi hapo siku baada ya siku, inakauka, inapasuka, na siku moja shaba mbili zinagusana.

Hapo ndipo watu husema "shoti". Kila moto ukitokea mtaani jibu ni hilo, shoti. Mara nyingi shoti imekuja mwisho kabisa, baada ya joto kufanya kazi miezi mingi bila mtu kuligundua.

Kiungo kilicholegea

Hili ndilo ninalotaka ulielewe kuliko yote, kwa hiyo tulifuate kwa hesabu.

Birika la wati 2,000 kwenye umeme wa volti 230 linavuta ampea 8.7. Mkondo huohuo, bila kupungua, unapita kwenye waya wa ukutani, soketi, plagi, waya wa birika, na koili iliyo chini ya maji. Koili ina ukinzani wa omu 26 na nusu hivi, kwa hiyo wati 2,000 zinatokea pale, kama tulivyotaka. Waya wa birika wenye mita moja na nusu una omu 0.08 tu, kwa hiyo unatoa wati 6. Mfumo mzima una afya.

Sasa skrubu moja ndani ya soketi imelegea, au pini ya plagi haishiki vizuri. Pale panapogusana kwa ncha tu panaweza kuwa na nusu omu. Piga hesabu: 8.7 × 8.7 × 0.5. Ni wati 38. Hizo ni wati za kile kifaa cha fundi redio cha kuyeyushia risasi, na sasa kiko ndani ya ukuta wako, juu ya sehemu ndogo kama punje ya mahindi, kikibanwa na plastiki pande zote.

Je, breka itakata? Haitakata. Breka ya soketi inasubiri mkondo uzidi ampea 20 au 32, na hapa mkondo bado ni 8.7. Fyuzi ya plagi ya ampea 13 nayo haioni kosa. Vifaa hivi vinakulinda dhidi ya mkondo kuzidi na dhidi ya shoti. Kiungo kilicholegea hakizidishi mkondo, kinaongeza ukinzani. Mlinzi wake ni wewe, kwa mkono, macho na pua.

Kiungo hicho pia hakitulii. Kikipata moto shaba inatanuka, kikipoa inanywea, na kila mzunguko unalegeza skrubu kidogo zaidi. Juu ya shaba linajengeka tabaka jeusi lisilopitisha umeme vizuri. Ukinzani unapanda, joto linapanda. Soketi iliyokuwa vuguvugu wakati wa Pasaka inaweza kuwa nyeusi kufikia Krismasi.

KAGUA NYUMBA YAKO: HATUA KWA HATUA

1. Andika vifaa vyote vyenye koili ya joto: birika, pasi, jiko, heta ya maji, mashine ya kukaushia nywele. Hivi ndivyo vinavyovuta mkondo mkubwa. Taa za LED, simu, redio na televisheni usijisumbue navyo.

2. Tafuta wati za kila kifaa. Zimeandikwa chini au nyuma yake. Gawa kwa 230, unapata ampea.

KISANDUKU: Ampea za vifaa vya kawaida

- Taa ya LED ya wati 9: ampea 0.04
- Televisheni ya wati 80: 0.35
- Pasi ya wati 1,200: 5.2
- Jiko la presha la umeme la wati 1,000: 4.3
- Birika la wati 2,000: 8.7
- Jiko la koili mbili la wati 2,500: 10.9
- Heta ya bafuni ya papo kwa papo, wati 4,500: 19.6

Heta ya bafuni haichomekwi kwenye soketi kamwe. Inahitaji waya wake peke yake kutoka kwenye swichi kuu, milimita za mraba 4 au 6 kulingana na wati zake na umbali, pamoja na breka yake.

3. Chora soketi zako na uandike kipi kinachomekwa wapi. Soketi moja ya ukutani isipitishe zaidi ya ampea 13 kwa jumla. Birika na pasi kwa pamoja tayari ni 13.9.

4. Washa kifaa kimoja kizito kwa dakika 15. Kwa birika, mchemsho mmoja unatosha. Zima, chomoa, gusa plagi, halafu gusa uso wa soketi. Mikono iwe mikavu, na usiguse chochote kilichopasuka.

5. Angalia pini za plagi. Pini nzima inang'aa kwa rangi ya shaba nyeupe au njano. Pini iliyoungua ina rangi ya bluu au zambarau kama chuma kilichotoka motoni, na plastiki inayoizunguka imekuwa kahawia. Geuza plagi uone: mara nyingi ni pini moja tu iliyoungua, ile ya upande wa fyuzi, kwa sababu klipu za fyuzi ndani nazo zimelegea na kuongeza joto lao.

6. Sikiliza. Soketi inayonong'ona "trrr" ukiwa umewasha pasi ina cheche ndani. Zima papo hapo.

7. Nusa. Plastiki ngumu ya plagi, soketi na breka ikipata moto mno mara nyingi hutoa harufu inayofanana na ya samaki. Kwingineko mtu angeishtukia mara moja. Kwetu, ambako migebuka iko jikoni na dagaa wameanikwa uani, harufu hiyo inapita bila kuulizwa. Ukinusa samaki chumbani, na hakuna samaki chumbani, nenda kwenye soketi.

8. Hesabu taa zinazofifia jiko linapowashwa. Zote zikififia kidogo, huenda ni umeme mdogo wa mtaani. Ikififia ya chumba kimoja, kuna kiungo kibovu kwenye njia ya chumba hicho.

UKIKUTA PLAGI IMEUNGUA

Usiikwangue kwa kisu na kuirudisha. Klipu iliyopata moto imepoteza ukakamavu wake, haitabana tena. Badilisha plagi, na ujue soketi iliyokuwa mwenzake nayo imeumia. Plagi mpya kwenye soketi iliyoungua itaungua ndani ya wiki chache.

Plagi unaweza kufunga mwenyewe:

1. Chomoa kifaa. Kata waya mpaka ufikie shaba inayong'aa. Shaba nyeusi itupe.

2. Menya milimita 8 hadi 10 tu ya kila waya. Zungusha nyuzi zake zikae pamoja, bila hata mmoja kubaki nje.

3. Fungua plagi uitazame ndani, pini ndefu ikiwa juu. Kahawia (moto) kulia kwenye fyuzi, bluu (nyutro) kushoto, kijani na njano (ethi) juu.

4. Kaza skrubu kwa nguvu, kisha vuta kila waya. Ukichomoka, rudia.

5. Banisha ganda la nje la waya kwenye kibano cha plagi, ili mtu akivuta waya asizivute skrubu.

6. Weka fyuzi inayolingana: ampea 3 kwa kifaa chini ya wati 700 hivi, ampea 13 kwa birika na pasi.

Soketi ya ukutani na breka ni kazi ya fundi mwenye leseni ya EWURA. Muombe akuoneshe leseni hiyo, hilo si kumdharau. Akija, mwambie: "Fundi, naomba tuzime swichi kuu, tufungue soketi zote za vifaa vizito, tukaze skrubu na tubadilishe zilizoungua." Awe na testa, na aijaribu kwanza kwenye soketi yenye umeme kabla ya kuiamini kwenye soketi iliyozimwa. Waya kutoka kwenye nguzo hadi mita ni mali ya TANESCO. Ukiona cheche hapo, piga ripoti na ukae mbali.

EKSTENSHENI

Hapa ndipo hatari ya nyumba nyingi ilipo, na naomba unisikilize kwa makini. Ekstensheni nyingi za bei nafuu zina waya wa milimita za mraba 0.75, unaofaa ampea 6 tu. Wengine wanauza mwembamba zaidi, umefunikwa plastiki nene ili uonekane mnene. Lakini ile ekstensheni ina matundu manne au sita, na kila tundu linakaribisha plagi.

Soma maandishi yaliyochapwa kwenye waya wenyewe, siyo kwenye boksi. 3 × 0.75 ni ampea 6. 3 × 1.0 ni ampea 10. 3 × 1.5 ndiyo ya kupikia. Waya usio na maandishi yoyote usiutumie kwa kitu chenye koili ya joto.

Ekstensheni ya kukunja kwenye gurudumu ifunguliwe yote kabla ya kuitumia kwa kazi nzito, hata kama unahitaji mita mbili. Waya uliokunjwa unajipasha wenyewe, tabaka la ndani halina hewa, na plastiki inayeyuka katikati wakati nje bado baridi. Nyingi zina namba mbili za wati: ndogo ni ya ikiwa imekunjwa, kubwa ikiwa imefunguliwa.

Usipitishe ekstensheni chini ya zulia, mkeka au godoro. Usiunganishe ekstensheni kwenye ekstensheni.

Na kijiti. Nyumba nyingi zina soketi za matundu matatu na vifaa vyenye plagi ya pini mbili za duara, kwa hiyo mtu anachomeka kalamu au kijiti kwenye tundu la juu ili vifuniko vya ndani vifunguke, halafu anasukuma pini mbili kwa nguvu. Zinaingia, kifaa kinawaka. Lakini klipu za soketi zimetengenezwa kwa pini bapa, na pini ya duara inagusa kwa mstari mwembamba tu. Rudi kwenye ile hesabu ya nusu omu. Zaidi ya hapo, kifaa kimekosa ethi, na klipu zimetanuliwa, hazitabana vizuri tena plagi halali. Nunua adapta nzuri yenye fyuzi, au badilisha plagi.

FYUZI NA BREKA

Fyuzi ni matumizi mazuri kabisa ya kanuni ya Joule: waya mwembamba uliowekwa makusudi uwe wa kwanza kuyeyuka. Ukiweka msumari, nyuzi za shaba au karatasi ya sigara mahali pake, bado kuna kitu kitakachokuwa cha kwanza kuyeyuka, ila sasa ni waya ulio ndani ya ukuta.

Breka ikikata, inakueleza kitu. Punguza mzigo, rudisha mara moja. Ikikata tena bila mzigo, iache chini na uite fundi. Usikubali ushauri wa "tuweke breka kubwa zaidi" kama waya hautabadilishwa. Waya wa milimita 2.5 wa moja kwa moja unalindwa na breka ya ampea 20. Breka ya 40 itaungoja uungue.

MTUMBWINI: VOLTI 12 ZISIKUDANGANYE

Wavuvi wengi wa dagaa wameziacha karabai na kuhamia taa za LED zinazotumia betri, nyingi zikichajiwa kwa sola. Gharama ya mafuta ya taa imepungua, na mikono haiungui tena kwa karabai. Lakini nasikia sana maneno haya mwaloni: "Hii ni volti 12 tu, haiui." Kukurusha ni kweli haitakurusha. Kuchoma inachoma, tena kuliko umeme wa nyumbani ukiupa waya mwembamba.

Sababu ni hii. Taa za wati 60 kwenye volti 230 zinavuta ampea 0.26. Taa hizohizo kwenye volti 12 zinavuta ampea 5, yaani mara 19. Kwa kuwa mkondo unajizidisha wenyewe, joto kwenye waya uleule ni zaidi ya mara 360.

Tazama mtumbwi ambao betri iko nyuma na taa ziko mita 8 mbele, zimeunganishwa kwa waya wa spika wa milimita za mraba 0.5. Kwenda na kurudi ni mita 16, ukinzani kama omu 0.62. Kwa ampea 5, volti 3 zinapotelea njiani. Taa zinapata volti 9 badala ya 12, kwa hiyo zinafifia, na mvuvi anasema betri imezeeka. Anakopa, ananunua betri mpya, taa bado hafifu. Wakati huo waya unatoa wati 15 za joto karibu na nyavu na dumu la petroli. Angetumia waya wa milimita 2.5, angepoteza volti 0.64 tu, na mwanga wake ungekuwa majini unakotakiwa.

Siku za mbalamwezi, mitumbwi ikiwa imepumzika, fanya hivi:

1. Tenganisha betri, toa hasi kwanza. Vua pete na saa ya mkononi. Betri ya gari inaweza kutoa mamia ya ampea kwa dakika chache. Spana ikiangukia chanya na hasi kwa pamoja inageuka nyekundu mkononi mwako.

2. Pima urefu wa waya kwenda na kurudi. Ukizidi mita 10, usitumie waya chini ya milimita 2.5. Kwa taa zaidi ya wati 100, nenda 4 au 6.

3. Fungua kila kiungo kilichofungwa kwa tepu nyeusi. Ukikuta ukungu wa kijani, hiyo ni kutu ya shaba, na ukinzani wake ni mkubwa. Kata mpaka ufikie shaba safi.

4. Unganisha kwa konekta yenye skrubu au kwa vibano vya shaba vinavyobinywa kwa koleo, halafu funika kuzuia maji. Kusokota waya na kuzungushia mfuko wa plastiki hakutoshi, wimbi la usiku mmoja linalegeza.

5. Weka fyuzi kwenye waya wa chanya, isiyozidi sentimita 20 kutoka kwenye betri. Kwa taa za wati 60, fyuzi ya ampea 7.5 au 10. Fyuzi iliyowekwa upande wa taa haiwezi kuulinda waya ulio kati yake na betri.

6. Safisha vichwa vya betri, kaza, paka vaselini.

7. Kaa mbali na petroli. Betri iwe ndani ya boksi lenye matundu ya hewa, upande wa pili wa mtumbwi na dumu la mafuta. Betri za tindikali hutoa hidrojeni zinapochajiwa, kwa hiyo usizichaji ndani ya chumba unacholala.

8. Rudisha betri, chanya kwanza. Washa taa zote nusu saa ufukweni, kisha pitisha vidole kila mahali kwenye waya. Kiungo kibovu kitakuonesha kilipo.

Mwaka 2024 uvuvi ulipositishwa kwenye Ziwa Tanganyika kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti, mitumbwi ilikaa nchi kavu miezi mitatu. Ukipata nafasi ndefu ya namna hiyo tena, usirudi majini na viungo vya zamani, kwa sababu unyevu wa ufukweni utakuwa umevila wakati vimekaa bila kazi.

UMEME UKIWA MDOGO

Volti zikishuka, pasi na birika zinapata joto pungufu, hasara yake ni muda tu. Friji na pampu ni kinyume chake: mota inahangaika kuzunguka, inavuta mkondo mkubwa kuliko kawaida, na koili zake za ndani zinajichoma. Ukiona taa zimekuwa nyekundu au friji inaguna bila kuwaka, ichomoe. Irudishe umeme ukiwa umetulia kwa dakika tano. Kilinda friji cha kuchomeka ukutani kinafanya kazi hiyo usiku ukiwa umelala.

MAKOSA NINAYOYAONA ZAIDI

- Kuvuta waya badala ya plagi wakati wa kuchomoa. Skrubu za ndani zinalegea.
- Kusokota shaba na aluminiamu pamoja. Zinatanuka tofauti na zinakulana, kiungo kinapata moto.
- Kufunika waya uliopasuka kwa tepu na kuendelea. Tepu inazuia mkono wako, haizuii joto.
- Kuwasha pasi na kumwachia mtoto aizime.
- Kuongeza chumba cha mpangaji kwa kuchukua umeme kutoka soketi ya jirani. Vyumba vitatu vinaishia kwenye waya mmoja, na hakuna anayejua jumla ya ampea.

MOTO UKIANZA

1. Zima swichi kuu kama unaweza kuifikia bila kupita kwenye moshi. Mtumbwini, toa waya wa betri.

2. Usimwage maji wala usipige kwa kitambaa kibichi kabla umeme haujakatwa. Tumia mchanga mkavu au kizima moto cha unga.

3. Toa watu kabla ya kuanza kupambana na moto. Moshi wa plastiki ya nyaya una tindikali inayochoma mapafu, na mtoto huzidiwa mapema kuliko mtu mzima. Inamisheni vichwa, fungeni mlango wa chumba kinachoungua.

4. Piga 114, Zimamoto na Uokoaji. Taja mtaa, na alama inayojulikana: msikiti, shule, mwembe mkubwa, duka la kona.

5. Moto ukizimika, usirudishe swichi kuu ili "kuona kama bado unafanya kazi". Plastiki iliyo ndani ya ukuta inaweza kuwa imeyeyuka mita kadhaa kutoka pale palipoungua. Fundi aukague waya wote wa njia hiyo, na uliopata moto autoe, aweke mpya.